Kwenda Kuazima kwa Bi Nuru

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama katikati ya ua nikamkemea mwanamke aliyenizidi miaka thelathini, kisha nikarudi jikoni nikijiona nimechuma thawabu. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne. Mahamri yangu yalikuwa bado karaini, na ulimi wangu ulikuwa umeamka mapema kuliko akili. Wa kale walisema ulimi hauna mfupa, nami nilikuwa mfano wao mzuri. Keti basi nikusimulie, na usinicheke kabla sijamaliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeolewa hapa Kisauni, Mlaleo, katika nyumba ya baba mkwe yenye vyumba sita na kisima uani. Mume wangu, Salimu, alikuwa kibarua Changamwe kwenye matangi ya mafuta, akitoka alfajiri na kurudi magharibi. Nilikuwa mja mzito, mimba ya kwanza. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sijajua hata kufunga leso, nikalelewa na shangazi, naye shangazi akamfuata mama mwaka ule ule nilipoolewa. Sisemi haya unihurumie, nataka tu ujue nilikuwa nani. Nilikuwa msichana asiye na mtu mzima wa kumwambia nyamaza, na nilijizoeza kusema sihitaji mtu.

Jirani yetu wa ubavuni alikuwa Bi Zuhura. Huyu alikuwa mtu wa Unguja. Alikuja Mombasa mwaka wa sitini na nne, msichana mbichi, pamoja na mamake na sanduku moja la nguo, walipokimbia kwao mambo yalipoharibika. Wengi walikuja mwaka ule. Wengine walikwenda Likoni, wengine walibaki huku Kisauni, wakaolewa, wakazaa, na wajukuu zao hawakujua kabisa kwamba bibi zao walipata kuitwa wakimbizi. Ungewaona ungesema ni wenyeji wa tangu na tangu. Kila Ijumaa baada ya sala walikutana ukumbini kwa Bi Zuhura wakanywa kahawa na kuchekana, na sisi vijana tulidhani ni wazee wanaopitisha wakati tu.

Kisha vita vikachacha Somalia, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na watu wa Barawa na Kismayu wakaanza kushuka Mombasa na watoto wao. Wengi waliwekwa kambini. Waliobahatika kuwa na jamaa, au msikiti wa kuwashika mkono, walipata chumba mtaani. Katika nyumba ya nyuma yetu, chumba cha uani, alipewa mwanamke wa Barawa akiitwa Bi Nuru, na wanawe wawili wa kike. Mkubwa, Hafsa, alikuwa na miaka kama tisa. Mume alibaki nyuma kulinda nyumba ya wazee wake, na tangu hapo hakukuwa na habari. Bi Nuru alikuja na Msahafu, mkeka, sufuria moja na birika moja la bati. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, lakini tulielewana bila taabu. Alikuwa mtu wa maneno machache.

Hapo ndipo nilipowaona wale wanawake wa Unguja wakifanya kazi ambayo mpaka leo nikiikumbuka nawaombea rehema mmoja mmoja. Hawakuunda chama, hawakuita mkutano. Ijumaa ile ile waligawana nyumba za wageni wakiwa wanakunywa kahawa, wewe chukua yule, mimi nitamshika huyu, na kesho yake kila mmoja alivaa buibui akatoka. Bi Zuhura akamchukua Bi Nuru. Akampeleka soko la Kongowea akamwonyesha mwuza samaki asiyepunja, na yule anayepunja, ambaye ni wa kupewa salamu tu ukapita. Akamfundisha karatasi yake ya ukimbizi aikunje ndani ya pindo la leso, asiitie mkobani, maana mkoba huibwa. Askari akikusimamisha, alimwambia, mpe salamu, kisha karatasi, maneno mwisho. Na mtu akikuuliza yaliyokupata kabla hajakupa hata maji ya kunywa, mwambie utamweleza kesho.

Watoto nao aliwapeleka madrasa wiki ile ile ya kwanza, bila viatu. Bi Nuru alitaka wangoje wapate viatu kwanza. Bi Zuhura akakataa katakata, akasema mtoto akikaa nyumbani wiki mbili hana pa kwenda, huanza kusikiliza mazungumzo ya watu wazima, na hayo mazungumzo hayafai kusikilizwa na mtoto. Mimi nilishangaa, jambo kama hilo mtu hulijuaje? Lakini aisifuye mvua imemnyea. Wale wanawake walikuwa wamenyewa, na walijua paa la mwenzao linavuja wapi kabla yeye mwenyewe hajajua.

Sasa kulikuwa na jambo moja lililoniudhi. Kila asubuhi, mwanangu, kila asubuhi, Bi Zuhura alipita uani kwetu, akasimama mlangoni kwa Bi Nuru akapiga hodi. "Bi Nuru, sabalkheri. Niazime birika lako nikachemshie chai." Birika lenyewe ni hilo moja! Bi Nuru hulitoa, akalipangusa kwa pindo la leso, akalikabidhi kwa mikono miwili. Saa nne birika hurudi na chai ya maziwa ndani yake, au uji wa pilipili manga, na siku moja niliona limerudi na mayai matatu, yamelala ndani kwenye nyuzi za makumbi.

Wajua desturi yetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Sahani ikija na sambusa, hurudi na chochote, hata ndimu mbili, hata chumvi kidogo ndani ya karatasi. Mimi nami nilipeleka sahani kwa Bi Nuru, wala sikuwa bahili. Leo wali wa nazi, kesho kutwa mbaazi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nikawa nasema, na nilisema kwa sauti ili walioko kisimani wasikie. Sahani ikarudi, mara na majani ya mchaichai, mara na ndimu, mara na vipande vya mkate wa mofa aliouoka kwenye kigae cha chungu. Roho yangu ikauma. Nikawa nawaza, mwanamke huyu anawapunguzia wanawe ili anirudishie mimi niliyeshiba.

Basi ile Jumanne, Bi Zuhura alikuwa anatoka na birika mkononi, na Bi Nuru amesimama mbele yangu ananipa sahani yangu, ndani yake vipande viwili vya mofa. Wanawake watatu walikuwa kisimani wanachota maji. Nami nikashindwa kujizuia.

"Bi Zuhura, kweli huoni haya?" nikamwambia. "Mwenzio hana kitu ulimwenguni. Ana birika moja, nawe kila siku wamchukulia! Kabatini kwako mna mabirika matatu, n'liyaona kwa macho yangu."

Nikamgeukia Bi Nuru, nikalainisha sauti kama mtu anayebembeleza mgonjwa. "Nawe dada yangu, sahani zangu tangu leo zirudishe tupu. Wewe ni mkimbizi, mambo haya ya kurudishiana hayakuhusu. Kula na wanao."

Kamba ya kisima ilinyamaza. Bi Nuru aliutoa mkate kwenye sahani, kipande kimoja kimoja, akaushika mkononi. Akaipangusa sahani kwa pindo la leso yake, akanipa kwa mikono miwili. "Ahsante," akasema, akaingia ndani. Bi Zuhura akaliweka birika kizingitini pale pale, akaenda zake. Na mimi, nakwambia kweli, nilirudi kwenye mahamri yangu nikiimba.

Siku ya pili yake Hafsa na mdogo wake hawakwenda madrasa. Nilipeleka sahani ya wali, ikarudishwa na Hafsa kama ilivyo, haijaguswa. "Mama asema tumeshiba," akaniambia, na macho yake yako kwenye wali. Nikaona kumbe shida ni kwamba nimetoa kidogo. Nikamwita hamali, nikampelekea nusu gunia la mchele mpaka mlangoni. Mchele ule ulikaa pale nje tangu asubuhi mpaka alasiri, hakuna aliyeuingiza ndani, mpaka kuku wakatoboa gunia wakaanza kula. Nami nikaenda kufukuza kuku mbele ya watu, na tumbo langu mbele.

Ijumaa ndipo nilipoyasikia kisimani. Bi Nuru ameulizia chombo cha bahari cha kwenda Kismayu, apate kurudi kwao Barawa. Kipo kimoja, chaondoka Alhamisi ijayo, na nahodha amekubali kumchukua yeye na wanawe.

Nilidhani ni porojo. Watu hawarudi vitani, nikasema. Yule mwanamke aliyenieleza akatua ndoo yake akanitazama. "Wanaochoka hurudi," akasema. "Wapo waliorudi, na wapo waliosikika baadaye kwamba hawakufika." Nikamwona Hafsa na macho yake yale, anapanda chombo kurudi kwenye bunduki, kwa ajili ya maneno yangu mimi. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na yangu yalifika mapema kabla hata sijazaa mtoto.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura mbiombio. Nikamkuta peke yake ukumbini anachambua mchele.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba. Keti, usije ukakata pumzi za watu wawili."

Nikamwomba akamzuie Bi Nuru, maana yeye anasikilizwa. Hakuwa na haraka. Aliinuka akaenda kunimiminia chai, na nikaona anaiteka kwa upawa kutoka sufuriani. Nikamwuliza mbona hivyo, birika liko wapi.

"Birika sina," akasema. "Fungua kabati utazame."

Nikafungua. Rafu aliyokuwa akipanga mabirika yake ilikuwa tupu, imetandikwa karatasi tu. Moja alimpa mama mmoja wa Kismayu aliyekaa Bakarani. Moja alilipeleka mtaa wa Kwa Bulo, kwa wageni wengine. La tatu, lile la shaba alilolipenda, lilikwenda kambini kwa mzee mmoja na mkewe. Aliyatoa yote wiki ile ya kwanza, na tangu hapo asipoazima kwa Bi Nuru hana pa kuchemshia chai. Nilibaki nimeshika mlango wa kabati kama mwizi aliyefumaniwa.

"Ukitaka kuazima kwa mtu aliyepoteza kila kitu, uazime kweli," Bi Zuhura akaniambia. "Yeye si mtoto. Ukimchezea atakujua ukiwa bado uko njiani."

Kisha akanisimulia, na kwa miaka niliyomjua hakuwahi kunisimulia. Walipofika mwaka ule kutoka Unguja walipokewa na nyumba moja ya watu wema sana, watu wa Mwenyezi Mungu. Mamake alikuwa fundi wa vileja, vile vibiskuti vya samli, kwao watu walikuwa wanamtumia unga kutoka mitaa mingine awatengenezee. Katika nyumba ile ya wema hawakumwacha ashike hata mwiko. Pumzika, wakamwambia, umepata taabu. Akitaka kufagia, wanamnyang'anya ufagio. Akirudisha sahani na kitu, wanakitoa wanampa mwenyewe. Miezi saba. Mamake akaanza kusema kidogo, kisha akawa hasemi, kisha akawa halishiki chanuo, nywele anachanwa na binti yake.

"Tulikuwa twala vizuri," Bi Zuhura akasema. "Sikwambii uongo, tulikula vizuri kuliko kwetu. Na mama alikuwa anakufa mbele yangu huku ameshiba."

Aliyemrudisha alikuwa mwanamke wa Kigiriama aliyehamia nyumba ya pili na wanawe sita, hajui habari zao wala hajui kwamba hawa ni watu wa kuhurumiwa. Alikuja siku moja akapiga hodi, mikono imejaa unga. Chekecheke yake imepasuka, akauliza, wao wanayo? Mamake Bi Zuhura akainuka. Akaenda kwenye sanduku, akaitoa chekecheke yake aliyoifunga katikati ya nguo tangu Unguja, akampa. Jioni yule mama akairudisha na mihogo mitatu ndani yake. Na mamake akaketi akalia kwa sauti, akasema, leo nimepata jirani.

"Adhabu ya kaburi aijua maiti," Bi Zuhura akaniambia. "Wewe ulimwona Bi Nuru ana njaa, ukampa chakula, Mungu atakulipa. Lakini mbele ya watu wote ulimwambia yeye si mwenzetu. Yeye alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha kumwonyesha kwamba yeye ni mtu kati ya watu. Vipande viwili vya mkate. Nawe ukamwambia avirudishe ndani."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Mimi nimepigwa, nimetukanwa na wakwe, nimesemwa sana maishani mwangu. Hakuna maneno yaliyoniingia kama yale.

Nikalia mpaka nikachoka, naye akaendelea kuchambua mchele wake. Nikamwuliza, basi nikaazime nini? Kwangu kila kitu kipo. Birika lipo, chekecheke ipo, ungo upo.

"Kila kitu?" akasema. Akalitazama tumbo langu, akanitazama uso. "Haya. Nenda kafikiri."

Nilifikiri siku nne. Jumatano, siku moja kabla ya chombo kuondoka, nilikuwa nakunja vitambaa vya mtoto. Shemeji alikuwa ameniletea rundo, na nilikuwa navikunja na kuvikunjua kwa sababu sikujua hukunjwaje. Hapo nikasimama. Nikajiona jinsi nilivyo. Mwezi mmoja nitajifungua. Kila mwanamke aliyeniuliza nani atanikanda, nani atanikalia arubaini yangu, nilimjibu nimejipanga. Sikuwa nimejipanga chochote. Nilikuwa naogopa, na sikuwa nimemwambia hata Salimu. Mwanangu, mimi niliyekuwa nagawa sahani mtaa mzima sikuwahi hata siku moja kupiga hodi kwa mtu kuomba.

Nikatoka mikono mitupu. Njia ya pale kwa Bi Nuru ni hatua ishirini, na ilikuwa ndefu kuliko kwenda Likoni kwa miguu. Nilipiga hodi, nikapiga tena. Alikuwa amekwisha kufunga mizigo, wakalale bandarini. Mkeka umekunjwa, sufuria na birika zimefungwa pamoja ndani ya shuka. Watoto wamekaa juu ya mizigo wamevaa nguo zao za kutoka.

Akautazama mkono wangu, nadhani akitafuta sahani.

"Sikuja na kitu," nikamwambia. "Nimekuja kuomba."

Akaegemea mlango.

"Nimebakiwa na mwezi mmoja, Bi Nuru. Mama sina, shangazi sina. Sijui mtoto hushikwaje. Sijui mzazi hukaaje arubaini yake. Naogopa, wallahi, naogopa sana."

"Wako wanawake wa hapa," akasema taratibu.

"Wako. Na wote nimewadanganya kwamba sihitaji mtu. Nilikosa, dada yangu. Yale niliyokwambia mbele ya watu, nilikosa. Mimi ndiye sina."

Nikaona nimechelewa, nikaanza kugeuka nirudi. Kisha nikasikia mkono wake tumboni kwangu. Alinibonyeza upande huu, akabonyeza upande huu, akasogea nyuma kunitazama ninavyosimama.

"Maji huteka kwa mkono mmoja?" akaniuliza.

"Naam. Mkono huu."

"Mtoto amekaa upande. Acha kubeba ndoo, akubebee Salimu akirudi kazini." Akafikiri kidogo. "Mafuta ya simsim unayo?"

"Ninayo."

"Lete. Na leso mbili kuukuu, mpya huteleza." Kisha bila kugeuka akasema, "Hafsa, shuka hapo. Fungua shuka nitolee sufuria, tuchemshe maji."

Hafsa aliruka kutoka juu ya mizigo, akakifungua kile kifundo kwa meno kwa haraka aliyokuwa nayo. Sikuuliza habari za chombo, wala yeye hakunitajia. Alhamisi kikaondoka, na wao watatu walikuwa ukumbini kwangu, mimi nimelala mkekani, ananipaka mafuta na kunisema ninavyopumua vibaya.

Kumbe kwao Bi Nuru alikuwa mkandaji wa wazazi, yeye na mamake na nyanyake kabla yake. Nani kati yetu alimwuliza? Tulimwuliza kama ana mchele. Nilipojifungua, alinishika siku arubaini, asubuhi na jioni, na maji yale ya moto mpaka nikawa napiga kelele nyumba ya tatu wanasikia. Alikuwa hana huruma hata kidogo, Mungu amlaze pema, na mimi nilimpenda kwa kukosa huruma kule. Alinifundisha kumshika mtoto, kumwogesha, kumpigapiga mgongo abeue. Siku nilipokataa uji alinifinya sikio. Wanawake waliokuja kunitazama mzazi walimwona anavyofanya kazi, wakaanza kumwita, huyu binti yake yu karibu kuzaa, yule ametoka hospitali ana maumivu ya mgongo. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa anaitwa mpaka Likoni.

Siku ya arubaini ilipotimia nilimpa doti ya leso, akaipokea bila kuninyima furaha yangu. Akaifunga kiunoni hapo hapo. Tulikuwa wawili tu chumbani, na mtoto amelala. Akaniambia, "Rukia, mimi Kisauni nimekuja mara mbili. Mara ya kwanza niliteremshwa. Mara ya pili uliniita." Hatukusema tena jambo lile mpaka alipokufa.

Sitakudanganya kwamba yote yalinyooka. Mumewe hakuonekana mpaka leo, na kuna siku alijifungia ndani hataki mtu, tukamwacha, maana hiyo nayo ni haki ya mtu. Lakini miaka michache baadaye alikuja mtaani mama mmoja kutoka Rwanda na mtoto mgongoni, Mkristo, hajui neno moja la Kiswahili. Watu walikuwa wamesimama mbali wanamhurumia. Bi Nuru akapita katikati yao, akapiga hodi, na kwa kuwa hawaelewani akaonyesha kwa mikono jinsi mtu anavyopepeta, anataka ungo. Yule mama hakuwa na ungo. Alikuwa na kibao cha kukatia mboga, akakitoa. Bi Nuru akaondoka nacho amekikumbatia, na nilijua kwamba kwake kibao chake amekwisha kukigawa.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uishike. Mtu akija kwenu ametoka mbali, ameacha vyake, mpe chakula, mpe pa kulala, mwonyeshe soko na msikiti na kanisa na mahali pa kupatia karatasi zake. Hayo usiyapunguze. Lakini usiishie hapo ukadhani umemaliza. Zamani nilikuwa nikisikia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nikaona wazee wetu walikuwa na roho ngumu, wanamchosha mgeni. Sasa naona walikuwa wanajua. Unayempa jembe umempa na shamba, umemwambia mavuno yako yanamngoja yeye. Anayelishwa tu, siku zote yuko safarini.

Kwa hiyo mwendee mgeni wako na haja yako. Haja ya kweli, si ya kuigiza. Ukiwa huna, jichunguze vizuri, utaipata, hakuna mja aliyekamilika. Anachokupa kipokee, hata kama ni kidogo, hata kama wamwona yeye anakihitaji kuliko wewe, na usimsamehe wajibu ambao wewe hungekubali kusamehewa. Na wale ambao walifika kabla yake, waliopita njia hiyo kwa miguu yao, wanyamazie uwatazame wanavyofanya. Wanajua mambo ambayo sisi tuliozaliwa na kitovu chetu kufukiwa hapa hatuyajui. Mimi nilikemea kabla ya kutazama, na nusura niwarudishe watoto wawili vitani kwa wema wangu.

Mungu akufungulie mlango wa riziki, mwanangu, akujaze mikono. Akupe majirani wa kukugongea na wewe uwagongee. Na katika yote atakayokupa, akubakishie upungufu kidogo, ule wa kukutoa nyumbani mikono mitupu ukapige hodi kwa mwenzako. Amin, amin.